Wasomaji Wanauliza: Jeni ipo, mbona utando haupo?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu utando wa bakteria, ule ute wenye uhai unaoshika kwenye mabomba, mipira ya wagonjwa, madumu ya maji na sahani za maabara. Wengi mmeandika mkiwa na majibu mawili yanayopingana mkononi. Mara nyingi yote mawili ni sahihi: kilichobadilika ni hali inayomzunguka bakteria, na jeni zake zimeitikia.

Swali: Naelewa kwamba bakteria huogelea mmoja mmoja, kisha hushikamana na kujifunika ute. Nani anawapa amri? Wanafunzi wa kidato cha sita wameniuliza. — Mwalimu wa Baiolojia, Tabora

Jibu: Hakuna anayeamrisha, Mwalimu. Kila seli inajipimia yenyewe, na kipimo chake ni molekuli ndogo iitwayo c-di-GMP. Moshe Benziman na wenzake wa Jerusalem waliitangaza mwaka 1987, na wala hawakuwa wakitafuta utando. Walikuwa wakimchunguza bakteria wa siki anayetengeneza selulosi, wakitaka kujua ni kitu gani kinachoamsha kimeng'enya chake.

Wachoree wanafunzi pipa la maji lenye mabomba ya kuingizia juu na matundu ya kutolea chini. Mabomba ni vimeng'enya vyenye kipande kiitwacho GGDEF, ambavyo huchukua molekuli mbili za GTP na kuziunganisha ziwe c-di-GMP moja. Matundu ni vimeng'enya vyenye kipande cha EAL au HD-GYP, vinavyoivunja. Pipa likijaa, flajela, yaani mkia wa kuogelea, husimama, na jeni za sukari ndefu na nyuzi za kunata huwashwa. Pipa likishuka, bakteria hujinasua akaenda zake.

Escherichia coli K-12 ana protini 29 za aina hii: 12 zina GGDEF tu, 10 zina EAL tu, na 7 zina vyote viwili. Wingi huo una sababu, kwani kila moja husikiliza habari yake: oksijeni, chakula, kuguswa na kitu kigumu. Kwa onyesho la darasani, acheni siki ya kienyeji isiyochemshwa kwenye chupa ya mdomo mpana, mfunike kwa kitambaa ili hewa ipite. Ngozi nzito inayokuja kuelea juu yake ni selulosi ya ndugu wa bakteria yule yule wa Benziman.

Swali: Nina Staphylococcus aureus kutoka vidonda. PCR inaonyesha icaA na icaD karibu kwa zote, lakini kwenye aga ya Congo red nyingi zinatoka nyekundu badala ya nyeusi. Niamini PCR au aga? — Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi

Jibu: PCR, kipimo kinachotafuta jeni, imekujibu kwamba jeni ipo. Aga, ambayo weusi wake ni alama ya utando, imekujibu kwamba siku hiyo, kwa chakula hicho, haikufanya kazi ya kutosha kuonekana. Andika yote mawili kwenye tasnifu, kisha tafuta sababu. Tunazijua tatu.

Ya kwanza ni udhibiti. Operoni ya icaADBC, yaani jeni nne zilizopangana na kusomwa pamoja, hutengeneza sukari ya kunata iitwayo PNAG, na mlangoni pake amekaa IcaR, protini inayoizima. Chumvi, glukosi na upungufu wa oksijeni hubadilisha kiasi kinachosomwa. Bakteria yule yule anaweza kukosa utando kwenye mchuzi (chakula cha majimaji cha kuoteshea) usioongezwa kitu, na kujenga mnene kwenye mchuzi wenye glukosi ya asilimia 1.

Ya pili ni kuvunjika kwa jeni. Kwa Staphylococcus epidermidis, kipande cha DNA kinachoruka, IS256, hujipachika ndani ya ica na kuinyamazisha. Kinaweza pia kutoka tena na kuiacha jeni nzima kama mwanzo. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zikishika sehemu fupi tu ya icaA hazitakiona kikiwa kimeingia kwingine. Tengeneza praima zinazovuka operoni kwa vipande virefu: mstari wa jeli ukipanda kwa takriban besi 1,300 kuliko unavyotarajia, umekipata. Kwa S. aureus, angalia icaC kwa kusoma mfuatano wake, maana ina marudio mafupi yanayoweza kuongezeka au kupungua, na usomaji wa protini ukaharibika.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika sana. Utando wa S. aureus si lazima uwe wa sukari. Wengi wa MRSA, yaani S. aureus sugu kwa methisilini, hujenga kwa protini za FnBPA na FnBPB, na Congo red haiwaoni vizuri. Jaribu hivi: jenga utando kwenye visima vya sahani ya plastiki, osha, kisha baadhi ya visima utie sodiamu metaperiodeti ya milimola 10, vingine proteinesi K ya mikrogramu 100 kwa mililita, saa 2 kwa nyuzi 37. Metaperiodeti ikiuyeyusha, ni sukari. Proteinesi ikiuondoa, ni protini. Usisahau visima vilivyotiwa bafa peke yake.

Kuhusu aga yenyewe: kwa lita moja, unga wa BHI (chakula cha bakteria) gramu 37, sukrosi gramu 50, aga gramu 10, Congo red gramu 0.8. Rangi ichemshwe kwenye otoklevu peke yake ikiwa imeyeyushwa kwa maji, ndipo uichanganye aga ikishapoa hadi nyuzi 55. Kila kundi jipya la sahani lipimwe kwa S. epidermidis ATCC 35984, anayetoka mweusi, na ATCC 12228, anayebaki mwekundu. Hao wawili wasipotofautiana, sahani hizo zitupwe.

Swali: Tunapima utando kwa rangi ya kristali vayoleti kwenye sahani ya visima 96, tunasoma ukolezi wa rangi kwa mashine ya ELISA. Bakteria mmoja ametupa 0.4, 1.1 na 2.3. Tunakosea wapi? — Mafundi wa maabara, Mwanza

Jibu: Kwa namba zinazotawanyika namna hiyo, sisi tungeanza na kuosha. Mkinyunyiza maji kwa pipeti kuelekea chini ya kisima, mnatoboa utando. Inueni sahani iliyopakwa rangi muiangalie kwenye mwanga: pale mchuzi ulipokutana na hewa pana pete ya zambarau ukutani mwa kisima. Pete ikiwa imekatika upande mmoja, hiyo ni alama ya pipeti yenu.

Zimueni bakteria wa usiku mmoja mara 100 kwa mchuzi mpya, mtie mikrolita 100 kila kisima. Visima vya pembezoni jazeni maji matupu, kwa sababu hukauka upesi na kutoa namba za ajabu. Wekeni inkubeta saa 24 bila kutikisa. Kabla ya kumwaga, someni ukuaji kwa nanomita 600: bakteria aliyekua nusu atajenga nusu, na jeni za utando hazina kosa hapo. Geuzeni sahani kwa mkupuo mmoja, mzamishe sahani nzima kwenye beseni la maji safi, mkung'ute, mrudie mara mbili. Maji hayo sasa yana bakteria hai, basi yatieni dawa kabla ya kumwaga.

Rangi ni kristali vayoleti ya asilimia 0.1, iliyochujwa siku hiyo hiyo, mikrolita 125. Kiasi hicho kizidi kile cha mchuzi kwa makusudi. Mkiweka 100 juu ya 100, ukingo wa juu wa pete, ambao mara nyingi ndio mnene kuliko wote, haushiki rangi. Baada ya dakika 10 hadi 15 osheni kwa kuzamisha mara tatu au nne, mpigepige sahani juu ya karatasi, muiache ikauke kabisa. Yeyusheni kwa asidi ya asetiki ya asilimia 30, mikrolita 125, dakika 15, mhamishie kwenye sahani mpya yenye visima vya chini bapa, msome kwa nanomita 550. Mashine nyingi za ELISA huja na kichujio cha 450 kwa kazi zake za kawaida. Hicho hakifai hapa, tafuteni kilicho karibu na 550 au 570. Ikizidi 2, zimueni kwa asidi ile ile msome tena.

Mpaka wa kusema "anajenga" upatikane hivi: chukueni wastani wa visima vyenye mchuzi usiotiwa bakteria, ongezeni mara tatu ya mkengeuko sanifu wake. Hiyo ndiyo ODc. Chini yake hajengi. Hadi mara 2 ya ODc ni dhaifu, hadi mara 4 ni wa kati, zaidi ya hapo ni mkubwa. Na visima vitatu vya siku moja havihesabiki kuwa marudio matatu: rudieni siku tatu, kila siku kwa mchuzi ulioanzishwa upya.

Swali: Mgonjwa wangu wa nyumbani anazibiwa na mpira wa mkojo kila wiki. Ndani yake nakuta chembe nyeupe kama mchanga. Amekwisha kunywa antibiotiki mara tatu. — Muuguzi, Mombasa

Jibu: Pima pH ya mkojo kwa kijiti. Ikifika 8 au zaidi, mshukiwa wa kwanza ni Proteus mirabilis. Huyu ana jeni za yurezi zinazosimamiwa na protini UreR, na kinachoiamsha UreR ni yurea yenyewe, ambayo mkojo umejaa. Yurezi hugeuza yurea kuwa amonia, pH hupanda, magnesiamu na kalsiamu huganda na fosfeti ndani ya utando. Huo ndio mchanga wako.

Usisukume maji kwa nguvu kwenye mpira ulioziba, badilisha. Sampuli ya kuotesha ichukuliwe kwenye mpira mpya; ya mpira wa zamani itakuonyesha wakazi wa mpira tu. Antibiotiki pekee, mpira ule ule ukibaki, hazitamfikia aliyefunikwa na fuwele. Mwombe daktari apige picha ya kibofu, maana jiwe likibaki humo kila mpira mpya utapandwa mbegu kutoka kwake. Kama moyo na figo zinaruhusu, maji mengi yenye limau husaidia: sitreti hushikilia kalsiamu na magnesiamu zisigande mapema.

Swali: Salmonella zetu, za kuku na za damu za hospitali, zinatoka laini kwenye aga ya Congo red. Maelekezo yanasema ziwe nyekundu, kavu, zenye mikunjo. Inkubeta iko nyuzi 37. — Fundi wa maabara, Kisumu

Jibu: Iteremshe hadi 28. Salmonella wa kawaida hujenga utando huu akiwa nje ya mwili wenye joto. Protini inayoshika usukani ni CsgD. Kwa nyuzi 37 jeni yake husomwa kidogo mno. Kwa 28 huwaka, na CsgD huwasha nyuzi za protini ziitwazo kurli, pamoja na selulosi. Kosa la pili tunalolishuku ni chumvi. LB ya dukani, chakula cha kawaida cha bakteria, ina chumvi, na chumvi huibana csgD.

Tengeneza mwenyewe kwa lita moja: triptoni gramu 10, dondoo ya hamira gramu 5, aga gramu 15, chumvi hakuna. Ikipoa hadi nyuzi 55 tia Congo red miligramu 40 na Coomassie brilliant blue miligramu 20. Dondosha mikrolita 5 za bakteria wa usiku mmoja, acha tone likauke sahani ikiwa wazi ndani ya kabati la usalama, kisha siku 3 hadi 5. Usizipange sahani mnara mrefu, za katikati hukosa hewa na unyevu hubaki. Siku ya kwanza utaona tone laini, usikate tamaa. Mikunjo huanza ukingoni baadaye. Ukilichokoa kwa kitanzi, koloni lililokomaa hunyanyuka zima, kama malai juu ya maziwa yaliyopoa.

Nyekundu kavu ni kurli na selulosi pamoja. Kahawia kavu ni kurli bila selulosi. Waridi ni selulosi bila kurli. Nyeupe laini, hakuna hata kimoja. (Jina la rangi hii lina historia yetu ndani yake. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1883, ikaingizwa sokoni ikiitwa hivyo wakati wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, neno Kongo likiwa midomoni mwa kila mtu huko.)

Sasa zile za damu. Zikibaki laini hata kwa 28 bila chumvi, huenda aga inasema kweli. Salmonella Typhimurium wa kundi la ST313, ambalo huingia kwenye damu ya watoto na watu wenye VVU katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, limeharibikiwa uwezo huu. Kwa mmoja wa kundi hilo aitwaye D23580, aliyepatikana Malawi, jeni ya bcsG, inayokamilisha selulosi, imekatika njiani, na katalesi yake ya KatE, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksaidi, imepoteza nguvu. Anayeishi zaidi ndani ya watu anaonekana kuacha jeni za kuishi nje, na kwa kweli hili ni jambo linalostahili kufuatiliwa kwenye maabara za kwetu. Zitenganishe za kuku na za damu kwenye daftari, usizichanganye kwenye wastani mmoja.

Swali: Nimesoma kwamba bakteria hujenga utando wakishakuwa wengi. Kipindupindu nacho? Na klorini inatosha kwa maji ya ziwa? — Afisa afya, Kigoma

Jibu: Kwa kipindupindu ni kinyume. Vibrio cholerae hujihesabu kwa molekuli anazozitoa majini, zikiwemo CAI-1 na AI-2. Wakiwa wachache, protini LuxO huwa imebeba fosfeti, na RNA ndogo nne ziitwazo Qrr hutengenezwa na kuuharibu ujumbe wa jeni ya hapR. HapR isipokuwepo, jeni za vps, zinazotengeneza sukari ya utando, hufunguka. Wakiwa wengi, HapR hujitokeza, huzizima vps, na kundi hutawanyika. Fuata safari yake utaona mantiki: hushika utumboni wakiwa wachache, huongezeka, kisha hutoka na kuhara. Wenzako wa maabara wajue kwamba N16961, anayetumika sana kama mfano, ana hapR iliyovunjika. Majaribio ya kuhesabiana yafanywe kwa mwingine, kama C6706.

Klorini inatosha kwa maji safi, na haitoshi kwa bakteria aliyejifunika. Mwaka 1999 Fitnat Yildiz na Gary Schoolnik walionyesha kwamba jeni za vps ndizo zinazompa yule mwenye koloni la makunyanzi utando wake pamoja na ustahimilivu wa klorini. Kwa hiyo chuja kwanza. Utafiti wa Rita Colwell na wenzake vijijini Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2003, ulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48 kwa kuchuja maji kupitia sari iliyokunjwa mara nne. Kitambaa kizee cha pamba kilifanya vizuri kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zilizofumuka kwa kufuliwa huziba matundu, na wadudu wadogo wa majini waliobeba bakteria hubaki juu. Kitambaa kioshwe kwa maji yaliyochujwa na kikaushwe juani.

Baada ya hapo klorini: karibu miligramu 2 kwa lita kwa maji meupe, 4 kwa yenye tope, subiri dakika 30, pima iliyobaki iwe angalau 0.2. Na pitisha kidole ndani ya shingo ya dumu. Kukiwa na utelezi, tia changarawe safi kiganja kimoja, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu pande zote, suuza, ndipo utie klorini. Utelezi ukiachwa hula klorini yote kabla haijafanya kazi ndani ya maji.

Swali: Tunataka Bacillus subtilis wa kulinda mizizi ya nyanya. Tuliyepewa, 168, anatoa utando mwembamba tambarare. — Mtafiti wa kilimo, Morogoro

Jibu: Mmepewa bakteria aliyefugwa. Kwa miaka mingi ya kuhamishwa sahani hadi sahani, 168 ameharibikiwa jeni za sfp, epsC, swrA na degQ, na amepoteza plasimidi (duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu) yenye jeni ya rapP. Tafuteni NCIB 3610, babu yake ambaye hajafugwa, au watoeni wa kwenu kwenye mizizi.

Ndani ya 3610, SinR huzizima operoni mbili: eps ya sukari, na tapA-sipW-tasA ya nyuzi. Njaa na msongamano humpa Spo0A fosfeti, naye huwasha sinI, ambayo humkamata SinR. Fosfeti kiasi huleta utando, ikizidi sana huleta spora, yaani mbegu za kuvumilia shida. Chakula rahisi ni LB yenye gliseroli ya asilimia 1 na manganizi salfeti mikromola 100. Wekeni nyuzi 30, siku 2 hadi 3, bila kusogeza. Meza ikitikisika, ngozi ya juu huzama na kazi inaanza upya.

Dondosheni tone la maji juu ya koloni lililokomaa. Litasimama mviringo na kubingirika kama kwenye jani la magimbi, kwa sababu ya protini BslA iliyofunika uso. Ethanoli hata ya asilimia 80 inaweza isiloweshe, basi koloni likidondoka mezani msitegemee kunyunyiza ya 70 peke yake: futeni kwanza kwa karatasi, ndipo mtie dawa.

Swali: Nimefuta jeni, utando umetoweka. Naweza kuandika kwamba jeni hiyo ndiyo inayoudhibiti? — Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Bado. Linganisha kwanza mikondo ya ukuaji wa saa 24 ya bakteria wa asili na aliyefutwa. Kisha rudisha jeni kwa plasimidi, na mwenzake apewe plasimidi tupu, wote kwenye antibiotiki ile ile. Utando ukirudi kwa wa kwanza peke yake, andika. Usiporudi, angalia jeni zinazofuata kwenye operoni hiyo, huenda kifutio chako kimezikata usomaji. Na ukirudi mnene kupita wa asili, plasimidi yako ina nakala nyingi mno. Jaribu promota (swichi ya jeni) dhaifu zaidi, au upachike jeni nakala moja kwenye kromosomu.